Mbegu Zilizokwisha Kuvuka

Jumatatu, 12 Septemba 1994

Madume tisa ya majirani leo, zizini kwa Mzee Ng'wandu. Mkono wa kulia hauna nguvu hata ya kushika kalamu. Koleo la kuhasia ni zito, na dume la Kisukuma halikubali kulazwa kirahisi. Vumbi, mavi, mateke. Moja limenipata pajani.

Nimewaambia yale ninayowaambia siku zote. Dume likishabanwa mishipa halijawa maksai siku hiyo hiyo. Mbegu zilizokwisha kutengenezwa bado zimo ndani ya mirija. Litengeni wiki sita ndipo mlirudishe kundini. Wanaitikia, "Ndiyo, Daktari." Miaka sita niko hapa Kibaoni, bwana mifugo tu, na bado wananiita daktari. Nimeacha kuwasahihisha. Mzee Ng'wandu akaniuliza kama dume lenyewe linajua limekwisha. Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, lakini si kwa moyo.

Nimerudi saa kumi. Veronika alikuwa nyuma ya jiko, anatapika. Akasema ni dagaa. Nikasema pole.

Dagaa tulikula wote.

Alhamisi, 15 Septemba

Ametapika tena. Siku ya nne.

Niandike hapa, maana hakuna mahali pengine pa kusemea. Daftari hili nalifungia ofisini pamoja na rekodi za josho. Hakuna mtu mwenye hamu ya kusoma rekodi za josho.

Mimi nimefungwa kizazi. Juni, tarehe 8, hospitali moja ya Tabora. Nyumbani niliaga kwamba naenda semina ya magonjwa ya kupe. Hajui mke wangu, hajui padri, hajui mtu. Na sababu ni Veronika mwenyewe. Alipomzaa Yusta, mtoto wetu wa tatu, kizazi kilipasuka. Walimfungua Mpanda, wakakishona, damu ikafika sakafuni. Daktari akaniita pembeni akasema mimba nyingine inaweza kumuua. Vidonge vya kupanga uzazi vilimtesa, kichwa na damu isiyokatika. Kufungwa yeye hataki, anasema hapasuliwi tena labda awe maiti. Basi nikajipeleka mimi.

Kwa nini sikusema? Aibu. Mimi ndiye ninayehasi madume ya kata nzima. Ingevuja kidogo tu, ningeitwa maksai mpaka kaburini. Na Veronika yuko kwaya. Kwaya haina siri.

Daktari wa Tabora alieleza mengi siku ile. Nilisikia nusu, nusu nyingine ilikuwa kwenye maumivu. Nakumbuka alisema nisubiri, nitumie mipira, kisha nirudi kupimwa. Mipira nikachukue wapi? Ukitoka zahanati hapa kila mtu anajua umebeba nini. Nikachagua njia ya uhakika kuliko mipira. Nilikaa arobaini. Siku arobaini kamili sikumgusa mke wangu, nikamdanganya kwamba nyonga inauma, dume lilinipiga. Dume ni wiki sita, binadamu ni arobaini. Zikaisha tarehe 18 Julai. Nikajiona nimesafika.

Kwa hiyo mimba hii, kama ni mimba, si yangu.

Nimeandika. Nimeisoma mara mbili. Naona vibaya sana.

Jumapili, 25 Septemba

Kanisani. Veronika kaimba mstari wa mbele, gauni la kijani. Mimi namtazama mgongo, nahesabu wanaume. Huyu? Yule? Nimekosa kusikia injili yote.

Skola, dada yake, amefika jana kutoka Sibwesa. Hakuna aliyemwalika. Amepanda lori mbili na kiangazi hiki, ameacha mashamba anakuja kukaa jikoni kwangu. Wananong'ona Kibende. Mimi Mkonongo, nakisikia vipande vipande. Nikiingia wananyamaza, Skola ananiamkia kwa adabu kubwa mno, "Shikamoo shemeji," macho chini. Adabu ya namna hiyo ina jambo nyuma yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku zote nilidhani methali hiyo ni ya watu wengine.

Jumanne, 4 Oktoba

Lameki. Mganga wa zahanati yetu. Mseja, hajafika hata thelathini na tano, ana redio kubwa na shati limepigwa pasi kila siku ya Mungu.

Leo saa saba mchana zahanati imefungwa kwa chakula. Nilikuwa nyuma ya ghala la mahindi. Nikamwona Veronika anatoka mlango wa nyuma. Peke yake. Khanga mpaka kichwani na jua lile. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeiba, akashika njia ya mtoni.

Jioni nikamuuliza ameshindaje. Akasema alikuwa porini, anatafuta kuni. Kanitazama usoni akasema uongo.

Mimi nami nina uongo wa miezi minne. Lakini wangu ulikuwa kwa ajili yake. Kuna tofauti. Lazima iwepo.

Ijumaa, 14 Oktoba

Kaniambia. Asubuhi, ananimiminia chai. "Baba Adela, nina mimba." Mikono kaificha kwenye khanga.

Nikasema, "Nimesikia." Nikachukua baiskeli nikaenda kazini.

Sikuuliza ya miezi mingapi. Sikutaja alichosema daktari wa Mpanda, wakati tunakijua wote wawili. Alisimama mlangoni mpaka nikafika barabarani. Nilitegemea atalia. Hakulia, na hilo nikaliweka kwenye ushahidi.

Jumatano, 2 Novemba

Ameazima cherehani kwa jirani. Anashona tangu asubuhi mpaka giza linaingia. Kitambaa cha bluu na kingine cheupe, vingi, si vya kipimo cha mtu mmoja. Nikauliza vimetoka wapi. Akasema ameuza kuku zake. Nimechungulia bandani. Kweli, banda tupu, manyoya tu. Nani anauza kuku wote, hata matetea ya kutagia? Au kuna mtu kamnunulia kitambaa, na kuku wamekwenda ili nisiulize?

Nimekutana na Lameki njiani. "Za kazi, kaka?" Anacheka na meno yote. Nilikuwa na koleo begani. Nilifikiri kitu. Sikiandiki hapa.

Nilikifikiri mpaka nyumbani, na kilinipendeza. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 19 Novemba

Mvua za kwanza. Hatusemezani ila mambo ya watoto. Yusta kaanguka. Gaspari hana daftari. Adela kafaulu. Basi.

Miguu yake imeanza kuvimba. Anapanda kitandani kama mtu anayepanda mlima. Mimba itafika miezi yake na itampasua, tumeshaambiwa. Nilitakiwa niwe nimeshampeleka Mpanda. Sijampeleka. Kila asubuhi nasema kesho, kisha naona ule mlango wa nyuma wa zahanati.

Jana niliwaza: akifa, aibu yangu inakufa naye. Niliwaza hivyo nikiwa nakunywa uji, mtoto yuko gotini.

Nimefunga stoo ya dawa ya josho, ile sumu ya kupe. Ufunguo nimempa mtendaji wa kijiji akae nao. Nikamwambia naogopa wezi. Sijui naogopa nini. Sijui namwogopea nani, yeye au mimi mwenyewe.

Jumatatu, 5 Desemba

Mzee Ng'wandu kaja ofisini kakasirika. Mitamba yake miwili ina mimba. Nimeenda, nimevua shati, nimeingiza mkono, kweli. Miezi mitatu na kitu. Na dume lililokuwa kundini ni moja tu, lile nililolihasi mwanzo wa Julai.

Nikamwambia hamkulitenga. Akatoa kamba. Amefunga fundo kila siku, wiki sita kamili, mafundo arobaini na mbili. Mimi nikaona aibu, lakini kinywa hakikukubali. Nikasema basi mitamba yako imepandwa na dume la jirani huko machungani.

Mzee akanitazama sana.

"Daktari, sasa unamsingizia ng'ombe?"

Zizi zima likacheka. Akasema mitamba yake anaijua, inalala kwake, inachungwa na mtu wake, na dume likipanda linaonekana. Kosa ni la koleo langu au la wiki zangu, nichague. Akataka lile dume libanwe upya.

Tulililaza. Nikashika korodani kabla ya kubana, jambo ambalo nilitakiwa kulifanya siku nyingi zilizopita. Moja imesinyaa, ngumu. Ya pili nzima kabisa, imejaa kiganja. Koleo lilikosa upande mmoja. Dume limetembea miezi mitano watu wanaliita maksai, kumbe linaendelea na kazi yake.

Nimeosha mikono mara tatu. Nimeshindwa kula.

Jumatano, 7 Desemba

Kama koleo langu linaweza kukosa, kisu cha Tabora nacho kinaweza. Mganga hajigangi. Naenda kupimwa.

Mambo ni mawili. Wakiona mbegu, mimba ni yangu na nimemwonea mke wangu. Wasipoona, nitajua la kufanya. Nimeshapanga hata maneno.

Nimeaga: semina. Veronika kanifungia viazi vitamu kwenye kitambaa. Hakuuliza semina ya nini.

Jumatatu, 12 Desemba. Tabora

Lori, kusubiri treni Mpanda, treni, kusubiri tena hospitali. Nimetoa kilichotakiwa, chooni, kwenye kichupa, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa nasikiliza kama kuna anayegonga mlango.

Mtu wa maabara alikuwa mpole. Alinionyesha kwanza kipande cha kioo cha mgonjwa mwingine, hakumtaja, nione ya kawaida ikoje. Nikainama kwenye darubini. Mungu wangu. Zilijaa kama viluwiluwi kwenye dimbwi, kila kimoja na mkia, vinagombania kwenda mahali visipopajua. Kisha akaweka cha kwangu. Dimbwi lile lile, halina kitu. Akasogeza huku, akasogeza huku. "Hakuna hata moja, mzee. Kazi imekubali."

Kwa hiyo ni Lameki. Nikaanza kuyapitia yale maneno niliyoyapanga, moja moja, nisije nikayasahau.

Daktari ni yule yule aliyenikata, Mnyamwezi mzee, mkono wa miwani umefungwa uzi. Alikuwa anaandika cheti. Akauliza kwa mazoea tu, mama hajambo? Nikasema ana mimba. Nilisema kama ninashtaki. Kalamu ikasimama.

Akauliza ni ya miezi mingapi. Nikamwambia, tangu mwisho wa Julai. Akauliza niliporudi kwa mke wangu ilikuwa lini, na kabla ya hapo nilitumia mipira mara ngapi. Nikamwambia sikutumia, nilikaa arobaini bila kumgusa. Nilisema kwa majivuno kidogo, sifichi.

Akavua miwani.

"Bwana mkubwa, arobaini ni ya mzazi na ya maiti. Mbegu hazina arobaini."

Kisha akageuza karatasi akanichorea. Naandika hapa yote, maana safari hii nilisikia kila neno.

Ndani ya korodani kuna mirija myembamba imejazwa kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Pembeni mwa mirija hiyo ndiko mbegu inakoanzia, na inapoanza haina mkia, ni chembe ya duara tu. Inagawanyika, inagawanyika tena, inabaki na nusu ya urithi wa baba, nusu nyingine itaikuta kwa mama. Ndipo inapunguza mwili, inachonga kichwa, inaota mkia. Kazi hiyo inachukua siku sabini na kitu. Ndiyo maana korodani zinaning'inia nje, kazi hiyo haitaki joto la tumbo. Na hata ikishaota mkia bado haijui kuogelea. Inasukumwa kwenda kwenye mrija mwingine uliojikunja nyuma ya korodani, ukiunyoosha unazidi urefu wa chumba. Humo inakaa kama wiki mbili, inakomaa, inapata nguvu. Kisha inawekwa akiba kule mwisho, na kwenye njia ya juu, inangoja.

"Mimi nilikata daraja," akasema. "Zilizo nyuma hazipiti tena, mwili utazila. Lakini zilizokwisha kuvuka zilikuwa zimekwisha kuvuka. Sikuziua. Hizo hutoka kwa kutumika, mara nyingi, miezi mitatu, ndiyo maana ya mipira. Nyingine hufa zenyewe, lakini si zote kwa siku unayoitaka wewe. Wewe ulizifungia ndani arobaini, kisha ukazipeleka kwa mama."

Nikauliza kama mtu angeweza kuona kwa macho kwamba maji yake hayana mbegu. Akasema hapana, maji mengi hayatoki korodani, huoni tofauti yoyote. Nikamwuliza lile ninalolitaka. Je, anaweza kunithibitishia mimba ni yangu?

Hawezi. Darubini inasema habari za leo. Habari za Julai haizijui. Inawezekana kabisa, akasema, amewaona wengine. Lakini cheti cha hilo hana.

"Hapo itabidi umwamini mtu."

Alipoona sinyanyuki akauliza mke wangu alizaaje mtoto wa mwisho. Nikamweleza ile habari ya kupasuka. Mzee alipiga meza kwa kiganja. Akasema, na wewe uko huku unapima mbegu!

Ijumaa, 16 Desemba. Mpanda

Nangoja lori la kwenda Kibaoni. Mvua. Siku mbili hakuna gari.

Miezi mitatu nilikuwa na hakika. Hakika ilikuwa mbaya lakini nililala nayo. Sasa sina. Wakati mwingine naamini kabisa, naona zile mbegu za zamani zimekaa gizani zinangoja nimalize kuhesabu. Dakika ileile namwona Veronika na khanga kichwani. Nimechoka na mimi mwenyewe.

Jambo moja tu halina wasiwasi. Kama ni zangu, anayemuua ni mimi.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku wa kununua. Kanipa paja. Hawezi tena kupiga magoti kupakua, alikaa kwenye kigoda akapakua kando.

Nimefungua mdomo mara tatu leo. Mara ya kwanza nikaomba chumvi. Mara ya pili nikamwita Adela. Mara ya tatu nikapiga miayo.

Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 3 Januari 1995

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Veronika alikuwa kitandani anakunja zile nguo alizoshona, mimi natafuta soksi. Sare za shule. Nikashika sketi moja ya bluu, nikasema tu ili kuvunja ukimya, Adela hii itamvuka, mtoto ana miaka minane. Nikashika nyingine, kubwa zaidi. Na nyingine. Kwa ndani kwenye pindo ameandika kwa uzi mweupe: Adela, la tatu. Adela, la tano. Adela, la saba. Kaptula za Gaspari vivyo hivyo. Ya Yusta ya darasa la kwanza ipo, na Yusta ana miaka mitatu.

Nikamuuliza za nini zote hizi.

Akasema, "Skola hajui kushona."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja, nikakaa sakafuni. Skola alikuja kuombwa achukue watoto. Kuku waliuzwa wakawa kitambaa. Mlango wa nyuma wa zahanati ulikuwa wa kwenda kupimwa presha na kovu, saa ambayo watu hawapo, kwa sababu wanawake wangeuliza mbona mumeo hajakupeleka Mpanda, na hakuwa na la kuwajibu. Alikuwa anajiandaa kufa, akijificha nisimwone. Mimi nilimwona nikaita uzinzi.

Nikamwambia. Tabora, kisu, semina ya uongo, arobaini, darubini. Nikamwambia na la Lameki. Ningeweza kulimeza hilo. Sikulimeza.

Alikuwa kashika sketi ya darasa la saba. Akauliza, "Ile nyonga?" Nikasema ndiyo, ile nyonga. Akacheka, kicheko kifupi kibaya.

"Nilidhani unangoja nife uoe," akasema. "Tangu ile siku ya chai."

Nikaanza kuomba msamaha, akaniwekea mkono hewani, basi. Akasema ningemwambia tungehesabu wote wawili, yeye anajua kuhesabu. Akabeba mto wake akaenda chumba cha watoto. Nimebaki na sare kitandani.

Nilimwamini nikiwa pale sakafuni. Hakuna aliyenithibitishia. Nilimwamini tu, na ilikuwa imechelewa.

Jumatano, 4 Januari

Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na nimezaa.

Jumatatu, 20 Februari

Ananisemesha kupitia Adela. "Mwambie baba yako mafuta ya taa yamekwisha." Niko mbele yake, hatua mbili. Adela anageuka ananiambia, "Baba, mafuta ya taa yamekwisha." Nami najibu kwa Adela. Tungechekesha kama tusingekuwa sisi.

Nimekwenda kwa Lameki. Nilisimama pale mlangoni sijui nianzie wapi. Akadhani nimekuja kuchukua barua ya rufaa, akaitoa. Ipo mezani kwake tangu Oktoba. Akasema alimsihi mama aende Mpanda mapema, akakuta mama ana swali moja tu, analirudia kila akija: mume asiposaini karatasi ya upasuaji, inakuwaje?

Nikachukua barua. Nikamwambia asante. Sikuweza kumtazama yule kijana.

Lazima twende mapema. Mvua zikizidi, barabara ya kupita hifadhini inakatika, na uchungu ukimshika hapa hakuna wa kumfungua. Wa lori nimeshazungumza naye, kiti cha mbele. Skola anakuja kukaa na watoto.

Alhamisi, 23 Machi. Mpanda

Wiki ya tatu tuko hapa, chumba cha kupanga karibu na hospitali. Likizo yangu imekwisha, nimeomba nyingine, wakikataa wakatae. Napika uji mimi. Wanawake wa uani wanakuja kuangalia mwanaume anavyokoroga, wanachekana. Mmoja kanishauri nipunguze kuni. Kasema kweli.

Kovu linamuuma. Daktari kasema watamfungua kabla uchungu haujaanza, uchungu ukitangulia kizazi hakitavumilia. Kila usiku akigeuka nafikiri ndio huo.

Leo kaniuliza mwenyewe, bila Adela. Zinatengenezwaje hizo mbegu? Nikachora chini kwa kijiti, mirija, ule mrija uliojikunja, mahali pa akiba, mahali walipokata. Nikamweleza siku sabini na kitu za kuota mkia na wiki mbili za kujifunza kuogelea. Alisikiliza kama darasani. Mwisho akasema, "Zenyewe zinafundishwa miezi, wewe ulifundishwa siku moja na hukusikia."

Nikacheka. Nikamwona naye mdomo umecheza. Kisha akafuta mchoro wangu kwa mguu, akasema nisidhani yamekwisha. Sijadhani.

Jumatano, 5 Aprili

Wamempeleka asubuhi saa mbili. Nilisaini. Kalamu yao haikuandika, nikaogopa kama mtoto, wakaleta nyingine.

Kabla hawajasukuma kitanda alinitajia: Yusta asilazwe upande wa ukuta, kuna unyevu. Gaspari hapendi kuamshwa kwa sauti. Sare ziko sandukuni, kubwa chini, ndogo juu. Nikasema nimesikia. Nilipotamka neno hilo nikakumbuka nilishalisema, siku ile ya chai, na yeye nadhani alikumbuka. Nikasema tena, vizuri zaidi. Nimekuelewa, Veronika, sandukuni, kubwa chini.

Naogopa. Nimekaa kwenye benchi na watu wengine. Mlango haufunguki. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Ijumaa, 7 Aprili

Ni msichana. Wako hai wote wawili.

Kizazi kilikuwa kimekuwa chembamba kama karatasi mahali pa kovu, daktari kanionyesha kwa vidole. Wamemfunga kizazi hapo hapo, asizae tena. Alikubali mwenyewe kabla ya kuingia, hakuniambia, wala hakuwa na haja.

Ameongezewa damu. Midomo myeupe. Analala, anaamka, anaangalia dirisha. Mtoto nilipewa mimi nimshike, nikamshika. Nikajikuta natazama masikio yake. Kisha vidole. Kisha tena masikio. Veronika alikuwa macho, ananiona ninavyotazama. Sikuwa hata najua kama nafanya hivyo. Akafumba macho. Nimejionea aibu ambayo sijawahi, zaidi hata ya ile ya Januari, maana safari hii nilikuwa nimeshajua kila kitu.

Mchana kapita muuguzi na kadi za kliniki. Jina la mama. Akaandika. Jina la baba. Nikasema kabla hajamaliza kuuliza: Melkiadi Fulgensi Kalulu. Yote matatu. Muuguzi akasema mawili yanatosha, nafasi ni ndogo.

Sauti ikatoka kitandani, ndogo, amelala ametazama ukutani.

"Andika alivyosema."

Muuguzi akaandika, la mwisho likapanda pembeni kidogo ya kadi. Mtoto kaanza kulia, nikampeleka kwa mama yake, akafungua macho akampokea. Nje mvua imepungua. Anataka uji wa ulezi, mwepesi, sukari kidogo. Naenda kupika.